Jicho la Pili

Wapiga picha wa Jinja na Mbale, nchini Uganda, hupata riziki kwenye harusi na mahafali. Picha ya mto au mlima haina mteja. Hata hivyo wapo wanaokutana kuonyeshana picha hizo na kuambiana ukweli, nami nawavulia kofia.

Simu yenye picha ya jabali la Wanale, lililo juu ya mji wa Mbale, inapokezanwa. Mmoja anaikuza hadi pembeni kabisa. "Kaka, mwanga umezidi, wingu limekuwa weupe mtupu. Na mji umeinamia kushoto." Mwenye picha anameza mate. Anashauriwa arudi alfajiri baada ya mvua, vumbi likiwa limetulia na maji yakiteremka mwambani, tena abebe stendi ya miguu mitatu. Atarudi, kwa nauli yake mwenyewe ya boda.

Ukali huo una sababu. Maporomoko ya Ripon, pale Jinja, yalizama mwaka 1954, bwawa la Owen Falls lilipokamilika. Ya Bujagali yakafunikwa mwaka 2011. Anayetaka kuona jinsi Nile ilivyopasuka kwenye mawe yale amebakiwa na picha tu, na humo kila jiwe lazima lionekane.