Sumaku Itokayo Kinuni

Mwaka 1950, katika maabara ya Philips mjini Eindhoven, Uholanzi, G. H. Jonker na J. H. van Santen walichapisha kazi ninayoistahi sana. Walitengeneza oksidi ya lanthani na manganisi, lakini baadhi ya nafasi za lanthani wakazijaza mgeni: stronti, kalisi au bari. Oksidi ile bila mgeni hupitisha umeme kwa shida na si sumaku. Weka stronti katika nafasi tatu kwa kila kumi, nayo hupitisha umeme na kuvutwa na sumaku hapo hapo mezani, bila kupozwa.

Kazi huanzia kwenye mizani. Unga wa oksidi ya lanthani hufyonza unyevu na kaboni dioksidi ya hewani, kwa hiyo fundi makini huuchoma kwanza, kisha huupima upesi ungali mkavu. Asipofanya hivyo, sehemu ya uzito anaouandika daftarini ni maji, na hesabu imekwisha haribika. Ndipo huongeza kabonati ya stronti na oksidi ya manganisi, akasaga katika kinu kidogo cha akiki. Husaga sana, kwa kuwa ndani ya kitu kigumu atomi husafiri polepole mno, hata kwenye nyuzi 1,300 za Selsiasi. Unga hushindiliwa ukawa kidonge, huchomwa kwa saa nyingi, hupondwa, husagwa upya, hurudishwa tanurini. Kipimo cha eksirei kikionyesha bado kuna mabaki ya unga wa mwanzo, kinu hushikwa tena. Sijui kazi ya maabara inayodai uvumilivu wa mikono kuliko hii.

Lanthani hutoa elektroni tatu, stronti mbili tu. Upungufu huo hulipwa na manganisi: baadhi ya atomi zake hubaki na elektroni tatu za nje badala ya nne. Elektroni ya nne ya jirani hupata pa kurukia, ikipitia oksijeni iliyo katikati. Huruka kwa wepesi pale tu usumaku wa atomi hizo mbili za manganisi unapoelekea upande mmoja. Clarence Zener alilieleza jambo hilo mwaka 1951, na ndiyo sababu umeme na usumaku huingia pamoja.

Lakini umahiri wenyewe nauona katika kumchagua mgeni kwa umbo lake. Kalisi nayo hutoa elektroni mbili, sawa na stronti, ila ni ndogo zaidi. Ikikaa mahali pale, oksijeni za pembeni huinama, njia kati ya manganisi na manganisi hupinda, na elektroni huruka kwa taabu. Usumaku wa oksidi ya stronti hustahimili hadi karibu nyuzi 95. Wa kalisi hupotea kabla ya kufika sifuri. Udhaifu huo una thamani yake: mwaka 1994 watafiti wa Bell Labs, Marekani, walionyesha kwamba katika utando mwembamba wa aina ya kalisi, kwenye baridi kali, uga wa sumaku hushusha ukinzani wa umeme zaidi ya mara elfu.

Anayetaka joto la katikati huchanganya wageni wote wawili, kalisi kiasi na stronti kiasi. Mpaka wa usumaku husogea kadiri uwiano unavyobadilika, hata ukaangukia kwenye joto la chumba, mahali wanapouhitaji watafiti wa majokofu ya sumaku.