Klinka Nusu, Nguvu Ileile

Mwaka 2013 kiwanda cha saruji cha Siguaney, mkoani Sancti Spíritus katikati ya Kuba, kilichoma udongo mfinyanzi ndani ya tanuri la klinka. Udongo ulitoka Pontezuela, Camagüey, na mtengenezaji wa vyombo vya kauri angeukataa: kaolini yake imechanganyika na madini mengine, na una chuma. Ulipotoka motoni ulisagwa pamoja na klinka, mawe chokaa mabichi na jasi, ikapatikana saruji ambayo nusu yake tu ni klinka. Ikafyatuliwa matofali ya matundu, ikamiminwa zege la vipande vya ujenzi, na vyote vikafaulu kwa viwango vya Kuba.

Kazi hiyo iliongozwa na Fernando Martirena wa Chuo Kikuu cha Kati cha Las Villas, Santa Clara, akishirikiana na Karen Scrivener wa chuo cha EPFL, Lausanne, Uswisi. Vyuo vya teknolojia vya Delhi na Madras, India, navyo vimekuwa washirika wakubwa wa utafiti huu. Saruji yenyewe inajulikana kwa jina la LC3, na mchanganyiko wake wa kawaida ni klinka asilimia 50, udongo uliochomwa 30, mawe chokaa 15 na jasi 5. Naieleza hapa kwa sababu naamini inaufaa ukanda wetu wa pwani ya Afrika Mashariki, ingawa kwa sababu tofauti na ile inayotangazwa zaidi.

Tuanze na klinka. Ili kuipata, mawe chokaa huchomwa pamoja na udongo kidogo hadi nyuzi 1,450 za Selsiasi. Kila tani ya klinka humwaga angani takriban kilo 850 za hewa ya ukaa, na zaidi ya nusu ya hizo haitoki kwenye mafuta kabisa. Inatoka ndani ya jiwe: kalsiamu kaboneti ikivunjika kwa moto, ukaa wake hauna pa kwenda ila kwenye bomba la moshi. Kiwanda kinaweza kuacha makaa ya mawe na kuchoma pumba za mpunga, na sehemu hiyo kubwa ikabaki palepale. Njia iliyo wazi ni kutumia klinka kidogo zaidi katika kila mfuko.

Udongo wenye kaolini una maji yaliyofungwa ndani ya fuwele zake. Ukiuchoma kati ya nyuzi 700 na 850, maji hayo hutoka, na kaolini safi hupoteza karibu asilimia 14 ya uzito wake. Fuwele hubomoka, zikabaki alumina na silika zisizo na mpangilio, zenye njaa ya kuungana na chokaa. Hakuna ukaa unaotoka kwenye madini haya. Kinachotoka ni mvuke. Lakini moto una mpaka wake. Ukipita sana nyuzi 900, madini huanza kujipanga upya kuwa fuwele ngumu nyingine na ile njaa inakufa. Anayechoma klinka hupigania joto lipande. Anayechoma udongo hupigania lisipande, na hapo ndipo ufundi wote ulipo.

Jambo lenyewe si geni kwa binadamu. Warumi walitia vigae vilivyopondwa katika chokaa yao, Wahindi wakafanya hivyo kwa unga wa matofali waliouita surkhi, Wamisri kwa homra. Kilichoongezwa safari hii ni yale mawe chokaa mabichi, na ndiyo sehemu inayonivutia zaidi. Kwa muda mrefu unga wa chokaa ulichukuliwa kuwa kijazio tu. Ndani ya LC3 unafanya kazi: alumina ya udongo hushikana na kaboneti ya chokaa na kuunda madini mapya yanayoziba vitundu vya zege. Udongo na chokaa pamoja hufanya ambacho kimoja peke yake kisingefanya, na ndiyo maana klinka inaweza kushushwa hadi nusu bila nguvu kuanguka. Tena chokaa hiyo haihitaji kuwa safi. Mawe yanayotupwa pembeni ya machimbo kwa sababu hayafai kwa klinka yanaweza kufaa hapa.

Udongo nao hauhitaji kuwa bora, na hii ndiyo iliyobadilisha hesabu za fedha. Kaolini nyeupe iliyochomwa ilikwishatumika kwenye zege kwa miaka mingi, lakini kwa bei ya juu, maana ilinunuliwa kwa kushindana na viwanda vya karatasi na kauri. Vipimo vilivyofanywa Lausanne kwa udongo wa nchi mbalimbali vilionyesha kwamba kaolini ikifika asilimia 40 hivi, saruji ya nusu klinka huifikia saruji ya kawaida ya Portland ndani ya siku 7. Udongo wa namna hiyo umejaa ukanda wa joto, mahali ambapo mvua na jua vimeoza miamba kwa mamilioni ya miaka. Wekundu wake hausumbui nguvu. Husumbua soko, kwa kuwa mnunuzi amezoea saruji ya kijivu, na viwanda hulitatua hilo kwa kubana oksijeni wakati wa kupoza udongo ili chuma kigeuke kijivu.

Siguaney ilitumia tanuri la kuzunguka la mtindo wa zamani, lililojengwa kwa ajili ya klinka inayopikwa kutoka kwenye tope. Tanuri kama hilo linakula mafuta mengi na si rahisi kulituliza kwenye joto la chini, kwa hiyo sioni kama ni chaguo la kudumu. Thamani yake ilikuwa kuonyesha kwamba mtambo uliopo unaweza kuanza kazi. Njia ya pili imejengwa Tema, Ghana, na kampuni ya CBI Ghana kwa mitambo ya FLSmidth ya Denmark: udongo hukaushwa, husagwa, kisha hupeperushwa ndani ya hewa moto na kuiva kwa sekunde chache. Uwezo wake ni zaidi ya tani 400,000 za udongo kwa mwaka. Ghana huagiza klinka nyingi kwa meli, hivyo kila tani ya udongo wa nyumbani inayoichukulia nafasi huokoa pia fedha za kigeni.

Kasoro zipo na fundi anapaswa kuzijua. Udongo uliochomwa hunywa maji, kwa hiyo zege huwa zito kufanyia kazi na mara nyingi linahitaji dawa ya kulilainisha. Anayetatua kwa kuongeza maji anaharibu nguvu aliyoinunua. Siku ya kwanza saruji hii iko nyuma ya Portland, jambo linalomgusa mfyatua matofali anayetaka kuyahamisha kesho yake asubuhi. Kumwagilia lazima kuzingatiwe. Kiwandani, klinka ni ngumu na udongo ni laini, hivyo vikisagwa pamoja udongo unakuwa vumbi jepesi huku klinka ikibaki na chembe kubwa. Kipimo cha jasi nacho hakiwezi kunakiliwa kutoka saruji ya zamani. Na hewa ya ukaa hupenya kuelekea kwenye nondo kwa kasi zaidi kuliko kwenye zege la Portland. Lakini chumvi ya bahari hupenya polepole sana, kwa sababu ya vile vitundu vilivyozibwa. Kwa nguzo za gati na nyumba za ufukweni, ambako nondo huliwa na kutu ya chumvi, mimi ningeuchagua ubadilishano huo bila kusita.

Sasa hesabu yetu. Inasemwa LC3 hupunguza ukaa kwa hadi asilimia 40, na ni kweli ukilinganisha na Portland yenye klinka asilimia 95. Portland hiyo hubeba karibu kilo 810 kwa tani. LC3, ukijumlisha moto wa udongo, karibu 500. Lakini mifuko mingi ya Afrika Mashariki si Portland tupu. Saruji ya aina ya CEM II/B yenye klinka asilimia 70 hubeba karibu kilo 600, kwa hiyo akiba inashuka hadi sehemu moja ya sita. CEM IV/B ya daraja la nguvu la 32.5, inayouzwa sana Kenya, inaruhusiwa kuwa na klinka kati ya 45 na 64, na hapo akiba inaweza kukaribia sifuri. Faida halisi kwetu iko kwenye nguvu: nusu klinka inayotoa saruji ya 42.5, inayofaa nguzo na madaraja, ambako leo tunatumia mifuko iliyojaa klinka. Na iko kwenye jiografia. Pozolana ya volkano, inayochukua nafasi ya klinka katika mifuko hiyo, hupatikana bara, kuanzia Kajiado hadi Mbeya. Pwani haina volkano. Ina chokaa na ina udongo.

Viwango ni kikwazo cha karatasi lakini cha kweli. Orodha ya zamani ya Ulaya, ambayo nchi nyingi za Afrika zimeifuata, haina nafasi ya mchanganyiko huu. Ulaya yenyewe iliufungulia mlango kwa EN 197-5 mwaka 2021, India kwa IS 18189 mwaka 2023.

Kila anayezungumzia kaolini Tanzania hutaja vilima vya Pugu, Kisarawe, jirani na Dar es Salaam na mawe chokaa ya Wazo. Mimi nisingeanzia huko. Mwamba wa Pugu ni mchanga ulioshikwa na kaolini, na mchanga hauleti nguvu ila kuchosha vinu. Isitoshe vilima hivyo vinapakana na msitu wa hifadhi wa Pugu-Kazimzumbwi. Ningeanza na udongo ambao machimbo ya chokaa yanaukwangua kila siku ili kuyafikia mawe, kisha yanautupa. Sampuli huchomwa kwenye tanuri dogo la maabara, huchanganywa na chokaa na kuwekwa kwenye nyuzi 40 kwa siku 7, na joto linalotolewa hupimwa. Kipimo hicho huitwa R3, kimekuwa kiwango cha Marekani ASTM C1897 tangu 2020, na kinatosha kuamua ni lundo lipi la udongo libaki shimoni na lipi lipelekwe kwenye moto.