Fundi wa Sakafu Kavu

Huku Kikwe, chini ya Mlima Meru, mbwa ana kazi yake na mahali pake. Kazi ni ulinzi, mahali ni uani. Mchana hufungiwa bandani kando ya migomba, usiku hufunguliwa azunguke, na haja zake huzimaliza shambani bila kufundishwa na mtu. Ndani haingii. Wapo wanaomzuia kwa ajili ya dini, wapo wanaomzuia kwa ajili ya usafi, na wapo ambao tangu wazaliwe hawajaona mbwa akivuka kizingiti.

Siku hizi wameanza kuonekana mbwa wa mbegu ndogo: Maltese, Chihuahua, Shih Tzu na machotara wao, ambao wengine hata wakikomaa hawafiki kilo nne. Huyu kumlaza uani ni kumtafutia kifo. Baridi ya Juni na Julai inayoshuka kutoka Mlima Meru humwingia hadi mifupani, siafu wa masika wakimkuta amefungwa hawatamwacha, na mwewe anayenyakua vifaranga anaweza kumnyakua naye. Kwa hiyo analetwa sebuleni, juu ya vigae au juu ya saruji iliyosuguliwa kwa rangi nyekundu. Dakika chache baadaye kuna kidimbwi chini ya meza, na mwenye nyumba anajiuliza kama hakukosea kumleta.

Nataka kumsifu mtu anayeweza kumfundisha kiumbe huyu usafi. Kazi yake haitajwi popote, na akiimaliza vizuri hakuna cha kuonyesha isipokuwa sakafu kavu. Hata hivyo ni ufundi kamili: una kanuni, una vipimo, unamtaka mtu awe na jicho na mkono, na siri yake yote ni moja. Fundi huyu huwahi. Hufika kabla ya kosa.

Mwalimu wa kwanza ni mama mbwa mwenyewe. Katika wiki mbili za mwanzo mtoto wa mbwa hawezi kukojoa bila kusaidiwa. Mama humlamba, mkojo hutoka, naye huusafisha papo hapo kwa ulimi, na malazi hubaki makavu. Inapokaribia wiki ya tatu, miguu ikiwa imeanza kumbeba, mtoto mwenyewe huyumba hadi pembeni na kujisaidia nje ya malazi. John Paul Scott na John Fuller, waliochunguza makuzi ya mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor, Maine, Marekani, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1965 kwamba ifikapo kama wiki ya nane na nusu watoto wa mbwa huanza kuwa na sehemu maalumu wanayoirudia. Kwa hiyo anayemchukua mtoto wa mbwa akiwa na wiki nane anapokea mwanafunzi aliyekwisha kuanza masomo. Anayemchukua mapema mno anamkatizia. Na yule aliyezaliwa katika kizimba kichafu, akalazimika kulala juu ya uchafu wake, amenyang'anywa somo hilo la mama, na fundi atahangaika naye muda mrefu zaidi.

Baada ya hapo kazi inageuka kuwa ya saa. Mtoto wa mbwa hujisaidia kwa nyakati ambazo yeyote anaweza kuzijua: akiamka, akimaliza kula, akitoka kucheza, na kabla ya kulala. Kati ya nyakati hizo, wafugaji hukadiria kwamba anaweza kujizuia kwa saa zinazolingana na umri wake kwa miezi, pengine na saa moja juu yake. Wa miezi miwili, basi, ni saa mbili au tatu. Kwa mbegu ndogo hesabu hiyo ipunguzwe, kwa kuwa kibofu ni kidogo na mwili unachoma chakula upesi. Wala hakuna njia ya mkato ya kumnyima chakula au maji ili sakafu ipone. Mbwa mdogo hivyo akikaa na njaa sukari hushuka mwilini, huanza kutetemeka, na anaweza kufa. Atakula mara tatu au nne kwa siku, na kila mlo una safari yake ya nje.

Saa peke yake haitoshi, jicho nalo lazima lifanye kazi. Nimemwona dada wa kazi katika nyumba moja ya Kikwe akisonga ugali, mlango wa jikoni ukiwa wazi kuelekea sebuleni, na kijibwa cheupe kikicheza na soksi. Ghafla kikaiacha soksi. Pua ikashuka sakafuni, kikatembea hatua tatu kikinusa, kikarudi, kikazunguka, mgongo ukaanza kupinda. Dada alikwisha kuushusha mwiko. Hakupiga kelele. Alikiinua kwa kiganja chini ya kifua, akatoka kwa mlango wa nyuma, mlango ule ule wa kila siku, akakiweka kwenye kipande cha ardhi kilichofyekwa kando ya ua, akasema neno lake moja kwa sauti ya chini, akasimama kimya. Kijibwa kikanusa, kikachuchumaa. Kilipomaliza tu, kabla hakijainua kichwa, dagaa mmoja mkavu alikuwa mbele ya pua yake na dada anakisifu kwa furaha ya kweli. Kisha akarudi kwenye ugali wake.

Katika tendo hilo fupi ufundi wote ulikuwamo. Mlango ni ule ule ili mbwa aujue, na siku moja aende kuusimamia mwenyewe akitaka kutoka. Mahali ni pale pale kwa kuwa harufu ya jana humkumbusha kazi ya leo. Neno ni moja, na nyumba nzima inalitumia. Baba akisema hivi, watoto vile, na mgeni akaongeza la kwake, mbwa anabaki bila neno lolote. Na dagaa hutolewa nje, pale pale, ndani ya sekunde moja au mbili. Ukingoja hadi mrudi jikoni, umemtuza kwa kurudi jikoni.

Majirani wa Kikwe hawana haja ya kwenda mbali kuona kanuni hiyo ikifanya kazi kubwa. Usa River kuna kituo ambako shirika la African Wildlife Foundation limefundisha mbwa na askari wao kunusa pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kakakuona, katika mpango ulioanza mwaka 2014. Mbwa waliopita katika mpango huo wamekwenda kukagua mizigo kwenye viwanja vya ndege na bandari za Afrika. Mshahara wao ni mchezo: akiipata harufu, hurushiwa kitu chake cha kuchezea, hapo hapo. Morogoro nako, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini kwa mlio mdogo unaofuatwa na kipande cha chakula. Mmoja wa panya hao, Magawa, alizaliwa Tanzania, akafanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza. Dada wa Kikwe mwenye dagaa mfukoni anafuata kanuni ile ile, na anastahili heshima ya aina ile ile.

Tena kanuni hii ina mizizi mirefu kwetu kuliko vituo vyote hivyo. Mwaka 1977 Marten na Rachel deVries walichapisha katika jarida la Pediatrics utafiti wao juu ya Wadigo wa pwani ya Kenya. Madaktari wa Marekani wakati huo walikuwa wakishauri wazazi wangoje hadi mtoto atimize kama mwaka mmoja na nusu ndipo aanze kufundishwa choo. Mama wa Kidigo alianza katika wiki za mwanzo. Aliketi chini nje ya nyumba, miguu ameinyoosha, mtoto kampakata katikati akiangalia mbele, kisha akatoa sauti ya shuu. Mtoto akikojoa, alipewa ziwa au kubembelezwa. Kufikia mwezi wa nne au wa tano alitarajiwa kukojoa kwa ishara ya mama. Mama alikuwa amejifunza kuzisoma dalili za mwanawe, akawahi, akatoa ishara, akatuza. Nani atasema kwamba kumfundisha mbwa usafi ni elimu ya kigeni?

Yako mambo ambayo hali ya huku humdai fundi zaidi. Kwa mbwa mwenye kimo cha kikombe, majani yenye umande ni msitu wa maji baridi. Akilowa tumbo mara mbili ataanza kuuogopa mlango, na mvua za Machi hadi Mei zikikolea atakataa kutoka kabisa. Kwa hiyo mahali pake pafyekwe pabaki ardhi tupu, na pakiwezekana pawe chini ya ukingo wa bati. Pawe ndani ya ua, mbali na njia wanayopita mbwa wa mtaani, kwa maana ugonjwa wa pavo hukaa ardhini muda mrefu na huua watoto wa mbwa upesi, na kinga yao haijakamilika mpaka mfululizo wa chanjo umalizike karibu na wiki ya 16. Fundi hukagua siafu kabla ya kumshusha chini, na hamwachi peke yake hata akiwa na haraka.

Usiku huwa na somo lake. Tenga la kuku lililotandikwa kitambaa, likiwekwa karibu na kitanda, humfaa sana, kwa sababu mbwa hapendi kuchafua anapolala. Liwe la kumtosha kujigeuza na kujinyoosha, basi. Likizidi hapo atapata pembe ya kulala na pembe ya chooni. Akiguna usiku wa manane, mtu huamka, humtoa, husema neno, humtuza, humrudisha, bila taa kubwa wala mchezo. Hiyo ndiyo sehemu ngumu ya ufundi huu, maana nje ni baridi na blanketi ni zito. Anayeinuka kila mara huanza kuona malipo yake taratibu, kadiri kibofu kinavyokua, mpaka siku mbwa na mtu watakapolala hadi alfajiri.

Na kosa likitokea? Litatokea, hasa kwa mbwa wa mbegu ndogo, ambao vidimbwi vyao ni vidogo kiasi cha kupita bila kuonekana chini ya kochi. Wengi hapo hukamata shingo, wakaisukuma pua ya mbwa kwenye mkojo na kumchapa. Wanasema anajua kosa lake, angalia anavyoinamisha macho. Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, alilijaribu jambo hilo kwa mbwa 14 na kuchapisha matokeo mwaka 2009: sura ile ya kujutia ilitokana na kugombezwa, awe mbwa ametenda kosa au hakutenda. Alichokisoma mbwa ni hasira ya mtu. Anayechapwa hujifunza kwamba kukojoa mbele ya watu ni hatari, kwa hiyo hukojoa nyuma ya kabati, na ukimtoa nje ukasimama naye hujizuia kwa hofu mpaka mrudi ndani. Fimbo imeujenga ugonjwa iliotakiwa kuuponya.

Fundi wa kweli akikuta kidimbwi hunyamaza. Hukausha kwa tambara, huosha kwa sabuni, kisha hupitisha maji yenye siki, kwa sababu saruji hunywa mkojo, na harufu ambayo pua ya mtu haiisikii tena bado humwita mbwa arudi. Vitu vya kusafishia vyenye amonia huviepuka, maana mkojo ukioza hutoa amonia hiyo hiyo. Halafu hujiuliza: nilichelewa wapi? Alikuwa ameamka nikiwa dukani? Alikunywa maji mengi baada ya kukimbizana na watoto? Jibu hulitia katika ratiba ya kesho. Kwa mwendo huo wengi hutulia wakifikisha miezi sita hivi, na wale wadogo zaidi huweza kuhitaji muda kupita hapo.

Naisifu kazi hii kwa sababu inaamua maisha ya kiumbe. Mtoto wa mbwa aliyeshindikana ndani hurudishwa, hugawiwa, au hutupwa kando ya barabara. Aliyefundishwa hukaa miongoni mwa watu, huonekana anapougua, hupelekwa kwa daktari wa mifugo, huchanjwa kichaa cha mbwa kwa wakati, na watoto wa nyumba humkaribia bila hofu.

Ningependa watoto hao wakabidhiwe kazi yenyewe, mkubwa mmoja akiwa karibu kuwasimamia. Mpe mtoto wa darasa la nne dagaa mfukoni, mlango mmoja na neno moja, mwambie amtazame mbwa baada ya chakula. Atajifunza kuzisoma dalili za kiumbe asiyesema, kusifu kwa wakati wake, na kutafuta chanzo cha kosa katika mpango wake mwenyewe kabla ya kumlaumu mwanafunzi. Siku atakapokabidhiwa darasa, zizi la ng'ombe au mwanawe wa kumzaa, atakuwa anajua tayari kwamba fimbo hushikwa na mwalimu aliyechelewa.