Karamu ya Mwisho Katika Sinema

Wasomaji wengi waifahamu picha ya Karamu ya Mwisho, maana nakala yake imetundikwa ukutani katika nyumba nyingi za Wakristo. Picha yenyewe haikuchorwa juu ya karatasi, bali juu ya ukuta wa chumba cha kulia cha watawa katika mji wa Milan, nchi ya Italia. Leonardo da Vinci aliichora yapata mwaka 1495 hata 1498, na upana wake wakaribia mita 9. Alipaka rangi juu ya ukuta mkavu, wala si juu ya chokaa mbichi kama ilivyokuwa desturi. Kwa hiyo ilianza kubambuka mapema. Hata hivyo ilisalimika na mabomu ya mwaka 1943, na kazi ya mwisho ya kuitengeneza, iliyokwisha mwaka 1999, ilichukua miaka zaidi ya 20.

Picha mashuhuri namna hii huazimwa na wengi, na watengenezaji wa sinema ni miongoni mwao. Nataka leo tupime sinema moja tu, iitwayo Viridiana, aliyoitengeneza Luis Buñuel wa Hispania mwaka 1961. Je, mtu huyu aliiazima picha kwa haki, au aliitukana?

Habari yenyewe ni hii. Viridiana ni msichana aliyekuwa karibu kuweka nadhiri za utawa. Mjomba wake ajinyonga, naye aacha nyumba ya watawa, akaazimu kutenda mema ulimwenguni. Akusanya maombaomba, vipofu na viwete, awapa chakula, kazi na mahali pa kulala katika nyumba ya kando. Siku moja wenye nyumba waenda mjini. Maombaomba waingia katika nyumba kubwa, watandika kitambaa cheupe, wala na kulewa. Kisha mwanamke mmoja asema atawapiga picha, wala hana kamera. Wote wakaa upande mmoja wa meza, na kipofu katikati. Mara watulia kimya, na mtazamaji aona mbele yake Karamu ya Leonardo. Mwanamke yule afanya kitendo cha aibu, nao wacheka. Baadaye wavunja vyombo, na Viridiana arudipo, wamshambulia.

Sinema hii ilipata tuzo kubwa ya Cannes, Ufaransa, pamoja na sinema nyingine. Lakini gazeti la Vatikani liliilaumu vikali kwamba ni kufuru, na serikali ya Jenerali Franco ikaipiga marufuku. Wahispania hawakuonyeshwa sinema hii kwao mpaka mwaka 1977, Franco alipokuwa amekwisha kufa.

Hasira ile ilikuwa na sababu; mtu akiona kitu anachokiheshimu kikichezewa na walevi, moyo wake hauna budi kuumia. Walakini nadhani waliokasirika hawakuitazama vya kutosha picha ya Leonardo mwenyewe. Wachoraji wengi waliomtangulia walimweka Yuda peke yake ng'ambo ya meza, ili kila mtu amtambue na kumchukia. Leonardo alimrudisha upande wa wenzake, bega kwa bega, mfuko mkononi. Tena aliichagua saa ile Bwana aliposema kwamba mmoja wao atamsaliti, na kila mmoja akaanza kujiuliza habari zake mwenyewe. Basi meza ile tangu zamani haikuwa meza ya watu safi. Kuwaweka wakosaji hapo si matusi. Ndiyo maana yake.

Tena Buñuel aliona jambo la kweli. Viridiana aliwapa maskini mkate, lakini nyumba kubwa haikuwa yao. Siku waliyoketi katika meza yake, mwenyeji hakuwapo. Karamu isiyo na mwenyeji ikageuka kuwa ghasia. Wale waliomshambulia walitenda uovu, wala hauna udhuru. Ila sadaka ya mtu asiyetaka kuketi na wale anaowapa, nayo ina kasoro.

Upungufu wa Buñuel, kwa maoni yangu, ni mahali pengine. Katika picha ya Milan, yule aliye katikati anyosha mikono yake, mitende wazi, na watu wote wahesabiwa habari yake. Katika sinema, aliye katikati ni kipofu, wala hapana jicho lolote mezani pale liwatazamalo wengine kwa huruma. Leonardo alimpa kila mwanafunzi uso wake na hofu yake. Buñuel aliazima mpango wa viti, akaiacha huruma ukutani. Ndiyo sababu mtazamaji hucheka kwanza, kisha huchukizwa, na aghalabu huishia hapo, bila kujiuliza kama yeye naye yumo.

Basi hukumu yangu ni hii: Buñuel hakuiba, lakini alirudisha nusu tu ya alichoazima. Nusu ile yatutosha sisi kufanya kazi moja. Tuitazame tena nakala iliyotundikwa ukutani, tumtafute Yuda, tuone jinsi alivyo karibu na wenziwe. Kisha tufikiri ni nani tuliyempa chakula mlangoni tusimkaribishe ndani.