Kuushusha Mchongoma

Mwizi wa kuku haruki ua, hutambaa. Mbwa koko naye hutambaa, na mbuzi husukuma kwa kichwa palepale chini. Babu yangu mzaa mama, aliyekuwa na shamba la migomba na kahawa chini ya Mlima Meru, alilijua hilo, ndiyo maana hakuukagua ua wake akiwa amesimama. Alipiga magoti, akainamisha kichwa hadi usawa wa mbwa, akatazama. Palipopenya mwanga wa upande wa pili, alichomeka kijiti kuwa alama ya kazi ya kesho.

Ua wenyewe ulikuwa wa michongoma. Jina hilo hubeba vichaka vya miiba vya namna nyingi. Ninaousema mimi ni ule wa majani mazito na matunda ya manjano yenye uchachu wa kukunja uso, ambao Kenya huuita kaiyaba, kwa sababu asili yake ni pande za Mto Kei, Afrika Kusini. Miiba yake hufika urefu wa kidole. Kiangazi hakiuvui majani, na ukishashika mizizi hauombi maji.

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Walimwonya anayeukwea. Lakini kila nikilisikia neno kupanda, mimi huiona miche kitaluni. Kuupanda mchongoma ardhini ni kazi ya asubuhi moja: mistari miwili, futi moja au mbili toka mche hadi mche, wa mstari wa nyuma ukitazama pengo la mstari wa mbele. Ngoma ni kuushusha.

Maana mche ukifika gotini, umenyooka, unang'aa, na mwenyewe unaanza kuujivunia, ndipo unapotakiwa kuukata nusu. Wengi hatuna moyo huo. Tunauacha urefuke ili majirani wauone, na miaka miwili baadaye tuna mstari wa miti yenye vichwa vizito na miguu mitupu, ambao mtoto anapita chini yake bila kuchubuka. Kilele cha mche huyazuia macho ya chini yasichipue. Kikiondolewa, macho yale hufumbuka, tawi moja linakuwa matatu, na matatu yanasukana na ya jirani. Ukiongezeka tena kiasi cha shubiri, unakata tena. Ukishakuwa ua, unaupogoa uwe mpana chini na mwembamba juu, jua lifike kwenye kitako chake. Kitako kikikosa jua hukauka, na pengo lililokauka chini ni gumu kuzibika. Babu aliyaziba mapengo hayo kwa matawi yaleyale aliyoyapogoa, ncha zikitazama nje, huku machipukizi yakipewa muda wa kuyapita. Kilichobaki alikiokota chote, mwiba kwa mwiba, kwa ajili ya nyayo zetu.

Si kila mpaka hutaka miiba. Kwenye mpaka wa jirani na jirani, Wachagga hupanda masale, na masale hayana mwiba hata mmoja. Isale ni mmea wa heshima, hupelekwa hata kuombea msamaha. Anayeuona anajua kihamba cha mwenzake, yaani shamba lake la nyumbani, kinaanzia wapi. Mchongoma unasema na yule asiyelijali isale.

Siku hizi wengi hukimbilia seng'enge. Mwaka 1874 Joseph Glidden, mkulima wa Illinois, Marekani, alipata hataza ya seng'enge yake. Kabla yake wakulima wa nyanda za huko walizungushia mashamba Osage orange, mti wa miiba walioupogoa hadi ukasongamana. Waya ulichukua kazi ya mwiba, ukashinda kwa kuwa haungojewi. Ni kweli, ua mzuri wa michongoma hutaka miaka mitatu, minne, hata mitano. Lakini waya hushika kutu, na koleo moja huumaliza upande mzima usiku mmoja, asubuhi waya ukapimwa kwenye mzani wa chuma chakavu. Mchongoma uliokatwa huchipua, na sijasikia mtu aliyeiba ua wa michongoma. Ndege nao hulala humo bila kumwogopa paka.

Basi kama una miche iliyofika gotini, usiionee huruma. Noa panga, na mvua za kwanza zikinyesha, ikate.