Tenzi hazikuonekana, utenzi ulikuwa rafuni

Kijana wa Kidato cha Tatu aliingia maktabani kwetu hapa Kawangware 46 jioni moja, begi mgongoni, viatu vimejaa vumbi la barabara. "Mwalimu, naomba kitabu ya tenzi," akaniambia. Katalogi yetu mpya ilikuwa na wiki chache tu tangu ianze kazi, nami nilikuwa naionea fahari. Nikamwelekeza kwenye kompyuta. Akaandika neno moja: tenzi. Kompyuta ikajibu kwamba hakuna kilichopatikana. Hatua nne kutoka alipoketi, kwenye rafu ya fasihi, kilikuwepo *Utenzi wa Vita vya Uhuru* cha Shaaban Robert.

Nilinyanyuka nikamletea kitabu, akashukuru, akaenda kusoma. Lakini lile jibu la kompyuta halikunitoka. Tulipokuwa na kadi za karatasi na daftari la kuazima, kijana yule hangerudi mikono mitupu, kwa sababu kati yake na rafu kulikuwa na mtu anayejua kwamba utenzi ni mmoja na tenzi ni nyingi. Sasa kati yao tulikuwa tumeweka mashine isiyojua hivyo. Uchambuzi huu unaeleza tulivyoirekebisha. Niliyojifunza ni kwamba mfanyakazi wa maktaba anayejifunza zana ya mtandaoni ana kazi mbili: kuijua zana, na kuifundisha zana hiyo Kiswahili. Kozi nyingi huishia kwenye kazi ya kwanza.

Zana yenyewe

Tulichagua Koha. Programu hii ilianzia New Zealand, ikatengenezwa kwa ajili ya maktaba za Horowhenua na kuanza kazi Januari 2000. Jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi, na ni kweli hailipiwi leseni. Maktaba za vyuo kadhaa hapa Kenya zinaitumia. Kwa maktaba ndogo kama yetu ina faida nyingine kubwa: inafunguka ndani ya kivinjari, na ukiiweka kwenye seva iliyomo humo humo chumbani, wasomaji wanaendelea kutafuta vitabu hata bando la intaneti likiisha.

Intaneti tunaihitaji zaidi wakati wa kuingiza vitabu. Koha inaweza kuuliza katalogi za maktaba nyingine, ikiwemo ile ya Library of Congress kule Washington, kwa njia ya itifaki iitwayo Z39.50, kisha ikachukua rekodi iliyokwisha kuandikwa. Kwa hiyo tulijizoeza kuorodhesha vitabu kwanza kwenye karatasi, halafu mtandao ukiwa mzuri tunavuta rekodi zote kwa mkupuo.

Kitabu kimoja, hatua kwa hatua

Siku iliyofuata nilikichukua kile kitabu cha Shaaban Robert nikakifuata tangu mwanzo, nione kilipotelea wapi.

Kwa kitabu kipya ungeanza na skana. Unaielekeza kwenye msimbopau wa jalada la nyuma, nambari ya ISBN inajiandika. Tangu 2007 nambari hiyo ina tarakimu 13. Vitabu vingi vya Kenya vinaanza na 978-9966, vya Uganda na 978-9970. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi: ukizidisha tarakimu zote kwa 1 na 3 kwa kupokezana na kujumlisha, jumla lazima igawanyike kwa 10. Ukikosea tarakimu moja, hesabu inakataa. Lakini *Utenzi wa Vita vya Uhuru* kilichapishwa 1967, miaka mitano baada ya mtunzi kufariki na kabla ISBN haijawa kanuni ya kimataifa. Nakala kama hiyo haina cha kuskani. Unatafuta rekodi kwa jina la kitabu, herufi kwa herufi.

Rekodi inayokuja imepangwa kwa mfumo wa MARC, uliobuniwa Library of Congress miaka ya 1960 chini ya Henriette Avram. Kila taarifa ina chumba chake chenye nambari: 100 ni mwandishi, 245 ni jina la kitabu, 650 ni somo. Mwanzoni nambari hizi zilinitisha. Zilipungua makali nilipozifananisha na kadi zetu za zamani, kwani kila mstari wa kadi ulikuwa na chumba chake humu.

Hapo ndipo nilipoiona shida ya kwanza. Kitabu ni cha Kiswahili, mtunzi ni wa Tanga, msomaji ni wa Kawangware, lakini maneno ya somo katika chumba cha 650 yalikuwa ya Kiingereza. Kijana akiandika ushairi, mashairi au tenzi, hakuna hata neno moja linalokutana na rekodi.

Sikuyafuta maneno yale. Chumba cha 650 kinafuata orodha maalumu ambayo maktaba nyingi huitumia kwa pamoja, na rekodi yetu lazima ieleweke kwingine. Lakini MARC ina chumba cha 653, cha maneno huru, ambamo mkutubi anaruhusiwa kuandika neno lolote litakalomsaidia msomaji. Nikaandika humo: ushairi, shairi, mashairi, utenzi, tenzi, Vita vya Pili vya Dunia. Hilo la mwisho niliongeza kwa sababu utenzi huu unahusu vita vya 1939 hadi 1945, na mwanafunzi wa historia naye anastahili kuufikia.

Neno linalobadilika mwanzoni

Kwa nini niliandika umoja na wingi? Katika Kiingereza neno hubadilika zaidi mwishoni, na zana za kutafuta zimejengwa juu ya tabia hiyo. Koha ina mpangilio unaoongeza nyota mwisho wa neno ili lipatikane pamoja na viambishi vyake vya nyuma. Ina pia mpangilio wa kupunguza neno hadi shina kwa kutumia kanuni za Snowball, ambazo hazina Kiswahili.

Kiswahili hubadilikia mbele. Mtoto, watoto. Kinyonga, vinyonga. Wimbo, nyimbo. Jino, meno. Utenzi, tenzi. Nyota ya mwisho wa neno haiwezi kuvuka pengo hilo. Kwa hiyo kila nomino muhimu inayobadilika tunaiandika mara mbili katika 653. Ni kazi ya dakika moja kwa kitabu, na mtu aliyekulia katika lugha hii anaifanya bila kamusi.

Shida nyingine iko kwenye king'ong'o. Alama iliyomo katika jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, kwa jicho la mtu, ni moja. Kwa kompyuta inaweza kuwa herufi tatu tofauti: ile iliyonyooka, ile iliyopinda ambayo simu nyingi huiweka zenyewe, na ile ya wanaisimu. Faharasa isipoelekezwa kuzisawazisha, msomaji huandika sahihi kabisa na bado akakosa. Hili usilibahatishe: andika jina kwa simu, kisha kwa kompyuta, ulinganishe majibu.

Daftari la sufuri

Hatungeweza kuyakisia maneno yote. Tukaweka daftari kaunta. Msomaji akitafuta akapata sufuri, tunaandika neno alilotumia, kama alivyolitumia. Kila Ijumaa tunayapitia maneno hayo na kuyaingiza kwenye rekodi zinazohusika.

Daftari hilo pia lilituonyesha vitabu tusivyokuwa navyo. Watoto walipouliza hadithi ambazo hazipo rafuni, tuligeukia African Storybook, hazina ya hadithi za bure za watoto katika Kiswahili na lugha nyingine za Afrika, ambayo leseni yake inaruhusu kupakua na kuchapa. Chumba cha 856 katika MARC hubeba kiungo cha mtandao, hivyo hadithi ya mtandaoni na kitabu cha karatasi hujitokeza kwenye orodha moja. Jirani zetu wa maktaba ya umma ya Kibera walitangulia kuonyesha njia kwa mradi wao wa Kids on the Tab, uliowapa watoto wa mtaa tablet zenye masomo ya shule. Kule pia, mkutubi ndiye aliyesimama kati ya kifaa na mtoto.

Kwa mkutubi anayeanza, ushauri wangu ni huu: usianze na mwongozo wa kurasa mia. Chukua kitabu kimoja ambacho wasomaji wako hukiulizia, ukifuate kutoka jaladani hadi kwenye skrini, kisha mwombe msomaji akitafute kwa maneno yake huku wewe ukinyamaza.

Kijana wa tenzi alirudi kuomba kitabu kile kile, safari hii kwa ajili ya mwenzake. Sikunyanyuka. Aliandika neno lake, akasoma nambari ya rafu, 896.392, akapiga hatua nne.