Mbona Mnaruka Sehemu ya Tupa?

Nina kesi na filamu ninayoipenda. The Boy Who Harnessed the Wind, ile ya Chiwetel Ejiofor ya 2019, nimeitazama mara tatu, na mara zote tatu nimelia mahali palepale: baba anapokubali baiskeli yake ikatwe. Lakini siku hizi kinachonisumbua ni kile kinachofuata. Baiskeli inakatwa, muziki unapanda, watu wanabeba magogo, na ghafla kinu kimesimama. Upepo unavuma, maji yanatoka, kijiji kinashangilia. Haya, twende nyumbani.

Ukisoma kitabu chenyewe, ambacho William Kamkwamba aliandika na Bryan Mealer kikatoka 2009, mambo ni tofauti. Pale unamkuta kijana wa Malawi akipasha bomba la plastiki kwenye moto ili alinyooshe liwe mabawa ya kinu. Unamkuta akitoboa matundu kwa msumari wa moto, akigeuza vizibo vya soda kuwa washa. Ni kurasa nyingi za vitu vidogo vidogo ambavyo vinakataa kukaa sawa. Na kinu kile cha kwanza hakikuvuta maji. Kiliwasha balbu. Maji yalikuja baadaye. Filamu iliona balbu haitatoa machozi ya kutosha, ikaleta maji mapema yaokoe watu na njaa.

Naelewa. Ejiofor alikuwa na chini ya saa mbili, na tupa ikikwaruza chuma dakika kumi si sinema. Shida yangu ni kwamba ule mruko, kutoka takataka moja kwa moja hadi muujiza, umekuwa ndio namna pekee tunayojua ya kusimulia habari ya mtu anayetengeneza kitu kwa mikono yake. Na mwaka huu mruko huo nusura umpeleke mdogo wangu hospitali. Wacha nieleze.

Kwetu ni Kyuso. Kwa msiojua, ukifika Mwingi unaiacha barabara ya Garissa, unaelekea kaskazini. Nchi ya ndengu, mbuzi, asali na mito ya mchanga. Binamu yangu alimaliza kidato cha nne akarudi nyumbani kungoja, na wakati wa kungoja akapatwa na ugonjwa wa BattleBots. Kama hujawahi kuiona: ni shoo ya Marekani, ilianza kwenye TV mwaka 2000, roboti mbili za hadi kilo 113 zinafungiwa ndani ya boksi la plastiki ngumu, zinapasuana kwa dakika 3. Waingereza walikuwa na yao, Robot Wars, kwenye BBC tangu 1998. Kuna madaraja madogo pia, na binamu yangu alichagua lile la pauni 3, yaani kama kilo 1.36. Uzani wa kuku mdogo. Mpinzani wake angekuwa mwanafunzi mwenzake wa zamani, aliyekuwa tayari amejenga kabari ya mabati yenye magurudumu manne.

Nimekesha naye nikitazama hizo mechi kwa bando za usiku, na kama shoo, BattleBots inajua kazi yake. Cheche, vipande vikiruka, mtangazaji akipiga kelele kama yuko Kasarani. Kabla ya pambano wanakuonyesha mjenzi, kazi yake, watoto wake, kisha boksi linafungwa. Lakini ile wiki ya kabla, ambapo mtu alikaa na kipande kimoja cha chuma hadi usiku wa manane? Utapata sekunde tano za mtu na grainda, halafu tangazo. Wajenzi wenyewe huonyesha zaidi kwenye YouTube, lakini pale nako wanakuambia chora kwenye kompyuta, tuma faili, mashine ikate. Sawa. Kyuso faili tuliyo nayo ni tupa.

Kwa hivyo nitawaonyesha kipande kimoja tu, kwa sababu hakuna mwingine atakayewaonyesha.

Silaha ya roboti yake ni bapa linalozunguka. Alilitoa kwenye springi kuukuu ya pikapu: urefu sentimita 12, upana 2.5, unene milimita 5. Chuma cha springi ni kigumu, drili ya kawaida hukiteleza tu ikipiga kelele. Kwa hivyo fundi wa kuchomelea pale sokoni, mzee anayetengeneza milango na ekseli za mikokoteni ya punda, alimfundisha kukilainisha kwanza. Weka kwenye makaa hadi kiwe chekundu, kisha kizike kwenye jivu usiku kucha kipoe polepole. Asubuhi kinakubali. Ukishamaliza kutoboa na kukata, unakirudisha kwenye moto, unakitumbukiza kwenye oili chafu ya injini, kinarudi kuwa kigumu, kigumu mno, kiasi kwamba ukikiangusha kinaweza kukatika kama glasi. Basi unakisugua king'ae, unakipasha kidogo kidogo ukitazama rangi: manjano, kahawia, zambarau, buluu. Hapo kwenye buluu unaacha. Kimekuwa kigumu lakini kina uvumilivu.

Hiyo aliifanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Shida ilikuwa tundu.

Katikati ya bapa inakaa beringi, ile ndogo ya 608 inayotumika kwenye viatu vya magurudumu. Kipenyo chake cha nje ni milimita 22 kamili. Tundu likiwa 21.9, beringi haiingii bila kupigwa. Likiwa 22.3, inacheza. Hakuna mashine ya leithi tuliyoijua karibu zaidi ya Mwingi, kwa hivyo alichora mistari miwili ya kukatana, akapiga alama kwa msumari wa konkriti, akatoboa kwa drili ya mkono, tundu dogo kisha kubwa, halafu akalipanua kwa tupa ya mviringo, bapa likiwa limebanwa kwenye jiliwa. Siku tatu. Viganja vikatoka malengelenge. Na alipomaliza, tundu lilikuwa limevuka saizi kidogo, na si la duara hasa, na limeegemea upande mmoja.

Akachukua kopo la soda, akakata utepe, akauzungusha kwenye beringi ili ijae. Ikabana. Kwa macho, poa kabisa.

Hapo ndipo alipofika jamaa wa video. Simtaji, na pengine hakuwa na nia mbaya. Alikuja kutoka mjini na kamera nzuri na kile kitu cha kushika maikrofoni. Alimwomba binamu yangu avue viatu. Alimuuliza wazo lilitoka wapi, mama alisema nini, anaomba serikali imsaidie na nini. Akapiga picha za mbuzi. Kisha roboti ikawashwa juu ya meza sekunde chache, piano ikawekwa chini yake, na kwa siku mbili simu zetu hazikunyamaza. Eti jiniasi wa Kyuso. Eti apewe skolashipu. Eti Afrika ina vipaji. Mimi mwenyewe niliisambaza na alama za moto tatu, kwa hivyo msidhani natupa mawe nikiwa nje ya nyumba.

Yule fundi mzee aliitazama kwenye simu yangu mara moja.

"Hii kitu inatetemeka," akasema.

"Ni kamera, mzee," binamu akajibu.

"Meza inatetemeka, kijana. Angalia kikombe."

Kweli. Pembeni ya meza kuna kikombe cha chai, na chai inacheza. Iko pale kwenye video, wazi kama mchana, na kati ya mamia ya watu waliotoa maoni hakuna hata mmoja aliyeiuliza. Kwa nini wangeuliza? Video haikuwaomba watazame roboti. Iliwaomba watazame miguu.

Sasa nipeni dakika moja ya hesabu. Mota yake huzungusha bapa kama mara 10,000 kwa dakika. Ncha ya bapa hapo inakwenda zaidi ya kilomita 220 kwa saa, spidi ambayo hata matatu ya Mwingi haijaifikia, ingawa imejaribu. Upande mmoja wa bapa ukizidi mwingine kwa gramu 1 tu, sentimita 5 kutoka katikati, gramu hiyo inavuta kitovu kwa nguvu kama ya kuning'iniza kilo tano na nusu. Na haivuti upande mmoja ikatulia. Inazunguka nayo, zaidi ya mara 160 kila sekunde, ikigonga nati, ikigonga beringi, ikigonga ule utepe wa kopo la soda.

Fundi alimwambia atoe bapa, alining'inize kwenye msumari laini, aachilie. Upande mzito utashuka, upige tupa, uachilie tena, hadi lisijue liende wapi. Na tundu alifanye upya kwenye chuma kingine. Binamu yangu alisikiza kwa heshima, akaenda zake. Nani atarudi siku tatu kwenye jiliwa na watu 40,000 wameshamwambia amemaliza?

Wiki mbili baadaye aliijaribu nyuma ya jikoni ya nyanya, ndani ya pipa lililokatwa nusu, bati juu. Utepe ukateleza. Nati ikalegea. Bapa likapasua ukingo wa bati, likajikita kwenye mti wa mkau, hatua mbili kutoka pale mdogo wangu alipokuwa ameketi na simu yake. Hakuna aliyeumia. Nyanya alitoka, akalitazama lile bapa kwenye mti, akarudi ndani bila kusema neno, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko matusi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikizisoma hizi habari zetu za wabunifu kwa jicho baya. Zisome nawe. Utaambiwa umri wa kijana, karo iliyokosekana, vifaa vilitoka jalalani. Hutaambiwa kitu kina uzito gani, kinafanya kazi kwa muda gani kabla ya kupata moto, kimeharibika mara ngapi. Ni kama uhakiki wa riwaya unaotaja tu kwamba mwandishi alikuwa maskini.

Na si kwamba hatujui kuandika vipimo. Tarehe 30 Desemba 2024, pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka angani kijijini Mukuku, huko Makueni kwa majirani zetu. Ndani ya siku mbili nchi nzima ilijua kipenyo chake, kama mita 2.5, na uzito wake, kama kilo 500, na Shirika la Anga la Kenya lilikuwa limeeleza kwamba ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Hakuna aliyeuliza pete ile ilikulia katika mazingira gani. Chuma cha wengine kikitua kwetu, tunakipima. Chetu, tunakililia. (Fundi, kwa upande wake, alitaka kujua tu kama inakatika kwa grainda.)

Hata Mswidi mmoja, Gerhard Lindblom, aliyekuja Ukambani zaidi ya miaka 100 iliyopita na mawazo yake yote ya wakati wa ukoloni, alikuwa na subira ya kukaa na wahunzi na kueleza kazi ya mikono yao, waya na minyororo myembamba. Mengi aliyoyasema juu yetu siyanunui. Lakini mikono aliitazama.

Nchi nayo ina mruko wake. Muulize yeyote kuhusu Nyayo Pioneer. Atakuambia Moi alitaka gari la Kenya mwaka 1986, Chuo Kikuu cha Nairobi wakalijenga, yakatoka matano, yakafika kilomita 120 kwa saa, pesa zikaisha, hadithi ikaisha. Lakini kilichobaki baada ya magari ni karakana ya kuchonga vipuri, Numerical Machining Complex, mahali ambapo tundu la milimita 22 huwa 22. Hiyo haijapata hata meme.

Najua jibu mtakalonipa. Mtoto wa kijijini amejenga roboti, na wewe umekaa Nairobi unamhesabia gramu? Anahitaji moyo, si kasoro. Niliwaza hivyo pia, ndiyo maana nikatuma zile alama za moto. Lakini yule mzee, ambaye hajawahi kumwita mtu jiniasi, ndiye pekee aliyeitazama roboti kama kitu ambacho kitafanya kazi au kitaua mtu. Sisi wengine tuliitazama kama mchoro wa chekechea unaobandikwa ukutani.

Kwa Ejiofor bado nitarudi, na pale kwenye baiskeli nitalia tena. Ila nataka mtu atengeneze ile filamu nyingine, ya vizibo vya soda na balbu moja.

Binamu yangu alikata chuma kipya mwezi uliopita. Safari hii bila kopo. Jana usiku amenitumia video ya sekunde 9, roboti juu ya meza ileile, na kikombe cha chai amekiweka mwenyewe, kimejaa hadi mdomoni. Chini ameandika, "Sema sasa." Nimeitazama mara nne, simu ikiwa karibu na uso. Imetulia sana kuliko zamani. Lakini chai bado inacheza, kidogo, upande wa kushoto.

Nimemwandikia hivyo.